Msomi kijijini wakati wa mlipuko wa virusi: mwongozo kamili kwa wahadhiri, watafiti na wanafunzi wao

Katikati ya Machi 2023 watu wa Bukoba Vijijini, mkoani Kagera, katika kata za Maruku na Kanyangereko, walisikia kuwa kuna ugonjwa usiojulikana unaoua. Tarehe 21 mwezi huohuo Waziri wa Afya, Ummy Mwalimu, akatangaza kuwa maabara imethibitisha ni Marburg, ugonjwa wa virusi unaoambukiza kwa kugusana, kwa mara ya kwanza Tanzania. Kwa kazi ya maabara, siku hizo chache ni kasi ya kusifiwa. Kwa mama mwenye mgonjwa ndani, ni siku nyingi mno za kulala na neno "usiojulikana". Watu hawakai na swali tupu. Watalijaza kwa sumu, kwa uchawi, kwa ugomvi wa shamba, kwa chochote kilicho karibu.

Mwongozo huu ni wa wasomi wanaoombwa kusaidia katika siku kama hizo: mhadhiri wa virolojia, mtafiti wa wanyamapori, mwanaanthropolojia, mwanafunzi wa uzamili aliyetumwa kubeba madaftari. Daktari wa wodini ana kazi yake na muuguzi ana yake. Kazi yako wewe ni watu waelewe kinachowapata, ili waweze kuamua kwa akili zao. Mfano wangu mkubwa ni Marburg, ile ya Bukoba na ile ya Biharamulo ya mwaka 2025, lakini hatua hizi utazihitaji pia kwa Ebola, kwa mpox au kwa homa ya Bonde la Ufa.

Hatua ya kwanza: ingia kwa mlango

Usifike kijijini kabla ya kutambulishwa. Anza kwa mganga mkuu wa wilaya, maana yeye ndiye mwenye ratiba ya timu zote na ndiye atakayebaki ukiondoka. Kisha mtendaji wa kata, mwenyekiti wa kijiji, wa kitongoji. Kisha wale ambao hawana mhuri lakini wana masikio ya watu: sheikh, mchungaji, katekista, mkunga wa jadi, mganga wa tiba asili, mwenye kibanda cha bodaboda. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii mshike mkono tangu siku ya kwanza. Anajua nyumba ipi ina msiba na nyumba ipi haisalimiani na jirani.

Kama unakwenda pia kukusanya takwimu au sampuli kwa ajili ya utafiti wako, sema hivyo waziwazi, na uwe na kibali cha maadili mkononi. Kwa Tanzania kinatoka NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Kuvaa joho la mwelimishaji huku umeficha dodoso mfukoni ni kosa zito. Watu watagundua, na atakayekuja baada yako atafungiwa mlango.

Hatua ya pili: siku mbili za kusikiliza

Hapa ndipo wengi wetu tunapoanguka, na nitaanza na anguko langu. Katika mkutano mmoja wa kijiji niliongea dakika arobaini. Nilieleza familia ya virusi, umbo lake la uzi, namna vinavyoingia kwenye seli. Nilipomaliza, mama mmoja mtu mzima akanyoosha mkono. Nikamwamkia, akaitikia, akauliza: "Blanketi alilofia mume wangu, nilifue au nilichome? Na nikilichoma, watoto watajifunika nini?" Sikuwa na jibu. Mkutano mzima ulikuwa unaningoja, nami niligeuka kumtazama bwana afya.

Tangu siku hiyo siongei kabla sijajaza daftari. Kaa msibani, kisimani, gulioni, kijiweni. Andika maswali kama yalivyoulizwa, kwa maneno ya muulizaji, bila kuyapiga pasi. Usiku yapange: maswali ya nyumbani (kufua, kupika, kunyonyesha, kulala), ya msiba, ya riziki (mvuvi anakatazwa kwenda ziwani?), ya hasira (mbona gari lilimchukua na hatukuambiwa yuko wapi?). Utaona kwamba yale ya baiolojia ni machache, na mara nyingi yamebeba jingine ndani yake.

Kusikiliza kuna faida nyingine ambayo haitajwi vya kutosha: unakuta watu wana elimu tayari. Ebola ilipoingia Gulu, kaskazini mwa Uganda, mwaka 2000, watu 425 waliugua na 224 wakafa kabla haijakwisha mapema mwaka uliofuata. Mwanaanthropolojia Barry Hewlett alipokwenda kuwauliza Waacholi, alikuta wana jina la ugonjwa wa namna hiyo, gemo, roho mbaya inayokuja ghafla na kufagia watu, na wana taratibu za wazee za kuukabili. Mgonjwa anawekwa kwenye nyumba ya mbali. Mlangoni yanasimamishwa matete mawili marefu, kila upande moja, ili mpita njia ajue asiingie. Anayemhudumia ni mtu aliyewahi kuugua akapona. Ngoma zinasimama, safari zinapunguzwa. Aliyepona hukaa peke yake mwezi mzima wa angani kabla ya kurudi kwa watu, na anayekufa huzikwa pembezoni mwa kijiji na mtu aliyepona.

Soma tena orodha hiyo ukiwa mtaalamu wa magonjwa ya mlipuko. Karibu kila kitu unachotaka kuwafundisha kimo. Kazi iliyobaki ni kuonyesha mahali elimu yao na yako zinapokutana, na kuwaomba wazee waiseme kwa sauti yao.

Hatua ya tatu: pima kila neno

Kiswahili cha wizarani na Kiswahili cha barazani si kimoja. Kabla ya kusimama mbele ya watu, pitia maneno yako na watu watatu au wanne wa hapo, uwaulize wanasikia nini.

Ukisema "kesi tisa", wapo watakaosikia mahakama. Sema "watu tisa wameugua". Ukisema "majibu yametoka chanya", mama anaweza kufurahi, kwa kuwa chanya ni jambo jema. Sema "vipimo vimeonyesha ana virusi". "Mwathirika" kwa miaka mingi limetumika kwa mtu mwenye VVU, kwa hiyo ukilileta kwa Marburg utaanzisha maneno ambayo hukuyakusudia. Neno zito kuliko yote ni "kutengwa". Kwa Wakristo wengi, na Kagera wapo wengi, aliyetengwa ni aliyeondolewa kwenye ushirika wa kanisa kwa dhambi. Ukimwambia mtu mzima kwamba baba yake ametengwa, umemvunjia heshima mgonjwa na ukoo wake. Sema amelazwa chumba cha peke yake ili asiambukize wanaomhudumia, na useme ndugu wanaweza kumwona wakiwa umbali gani.

Uliza pia watu wenyewe wanauitaje ugonjwa. Jina la mtaani ni taarifa. UKIMWI ulipoanza kuonekana Kagera mwanzoni mwa miaka ya 1980 watu waliuita Juliana, kwa jina la vitambaa vya fasheni vilivyokuwa vikivushwa kutoka Uganda, na ndani ya jina hilo kulikuwa na maelezo mazima: unatoka mpakani, unakuja na biashara. Hata sayansi imewahi kukopa huko. Chikungunya, ugonjwa ulioelezwa baada ya mlipuko wa mwaka 1952 kusini mwa Tanganyika, ni neno la Kimakonde linalotaja kile kinachomkunja mtu, maana wagonjwa walikuwa wakitembea wamejikunja kwa maumivu ya viungo. O'nyong'nyong, ya Uganda mwaka 1959, ni neno la Kiacholi, nalo linasema habari za viungo kuvunjika nguvu. Wagonjwa walieleza dalili kwa usahihi kabla ya hadubini.

Na lugha yenyewe: Bukoba uwe na mtu wa Kihaya, Biharamulo wa Kisubi. Bibi wa miaka themanini anaelewa Kiswahili cha sokoni, lakini habari za kifo huzipokea kwa lugha aliyozaliwa nayo.

Hatua ya nne: eleza ugonjwa kwa dakika tano

Gawa maelezo yako sehemu tatu: tunachojua, tusichokijua bado, na tunachofanya ili tujue. Sehemu ya pili ndiyo inayotisha wasomi, lakini ndiyo inayokujengea kuaminiwa, kwa sababu kesho jambo likibadilika hutaonekana ulidanganya. Haya ni maelezo ya Marburg ninayotumia. Chukua, badilisha upendavyo:

"Ugonjwa huu unaitwa Marburg. Ni jina la mji wa Ujerumani ulikogunduliwa mwaka 1967. Unaletwa na virusi, vitu vidogo visivyoonekana kwa macho. Wanaovibeba bila kuugua ni popo wala matunda, hasa wale wanaolala mapangoni na migodini. Kutoka mtu hadi mtu, virusi hupita kwa kugusa damu, matapishi, kinyesi, mkojo, mate au jasho la mgonjwa, au kugusa mwili wa aliyekufa kwa ugonjwa huu, au nguo na matandiko yake. Havisambai hewani kama mafua. Mtu ambaye hajaanza kuumwa haambukizi. Dalili huanza kati ya siku 2 na siku 21 tangu kuambukizwa: homa kali ya ghafla, kichwa kuuma sana, mwili kuisha nguvu, kisha kuharisha na kutapika, na wengine kutokwa damu. Homa za namna hii zinafanana na malaria, kwa hiyo usikae nyumbani ukikisia. Piga 199, ni bure, au mwite mhudumu wa afya. Hakuna chanjo iliyoidhinishwa kwa ugonjwa huu, lakini anayefika hospitali mapema, akapewa maji na kutibiwa kila tatizo linalojitokeza, ana nafasi kubwa zaidi ya kupona. Bado hatujui mgonjwa wa kwanza hapa aliupata wapi. Timu inafuatilia, na tutarudi kuwaambia."

Dakika tano zinatosha. Zilizobaki ni za maswali kutoka kwenye daftari lako.

Kuna jambo ambalo kijana mwenye simu atalikuta na kulileta mkutanoni: wale wagonjwa wa Ujerumani na Belgrade wa 1967 waliambukizwa na tumbili walioagizwa kutoka Uganda kwa kazi za maabara. Lieleze wewe kwanza. Ukilificha likaja kutoka kwake, litaonekana siri.

Jiandae pia kwa swali la popo, "kwa nini tusiwaue wote?" Lina jibu zuri kutoka jirani. Mwaka 2007 wachimbaji wa mgodi wa Kitaka, magharibi mwa Uganda, waliugua Marburg, na baadaye popo wa mgodi ule wakaangamizwa. Ilipofika 2012 ugonjwa ulizuka tena katika eneo hilo, popo wakiwa wamerudi mgodini, na watafiti walipowapima walikuta asilimia 13 wana virusi, wakati kabla ya kuuawa walikuwa asilimia 5 tu. Popo wageni walikuja kujaza nafasi, wengi wao hawajawahi kuambukizwa, virusi vikapata pa kuenea. Mwambie muulizaji hivyo, halafu umwambie la kufanya: usiingie pangoni bila sababu, na tunda lililoumwa na popo usile.

Hatua ya tano: takwimu ziwe watu

Asilimia zinawachosha hata wasomi. Mwanafunzi wangu mmoja alikuwa akisafiri na punje za maharage kwenye mfuko wa shati. Akitaka kueleza vifo, aliweka punje kumi kwenye ungo, akamwomba mtoto wa shule aondoe zile zinazowakilisha waliokufa, taratibu, moja moja. Ungo ulikuwa unakuwa kimya.

Lakini ukionyesha punje zinazoondolewa, onyesha na zinazobaki, na useme kwa nini. Bukoba 2023 waliugua watu 9, wakafa 6. Biharamulo, mlipuko uliotangazwa na Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 20 Januari 2025, walihesabiwa watu 10, wawili kwa kipimo cha maabara na wanane kwa dalili na mazingira yao, na wote walifariki. Rwanda, Septemba hadi Desemba 2024, waliugua 66 wakafa 15. Virusi ni vya Marburg kotekote. Wengi wa wagonjwa wa Rwanda walikuwa wahudumu wa afya, waligunduliwa mapema, wakatibiwa kwa karibu mno. Usiahidi kwamba kila wilaya itapata matibabu ya Kigali, hiyo si kweli. Sema tu kwamba siku ya kwanza ya homa ina thamani kuliko siku ya tano. Nimeona baba akisikia hesabu hii na kutoka mkutanoni moja kwa moja kwenda kumchukua kijana wake aliyekuwa amefichwa kwa shangazi.

Namba mbili nyingine zinahitaji maelezo. Siku 21 za kufuatiliwa kwa mtu aliyetangamana na mgonjwa zinatokana na muda mrefu zaidi ambao virusi huweza kujificha mwilini kabla ya dalili. Siku 42 za kungoja kabla ya kutangaza mlipuko umekwisha ni hizo 21 mara mbili. Mpe kila kaya inayofuatiliwa kalenda na kalamu, wakate siku wenyewe. Na kabla ya kumwomba mtu akae nyumbani siku 21, mwulize nani atamchotea maji na nani atamuuzia ndizi zake. Kama huna jibu, rudi kwa mganga mkuu wa wilaya ukalitafute kwanza.

Hatua ya sita: msiba

Hii ndiyo hatua ya kwenda polepole kuliko zote. Mwili wa aliyekufa kwa Marburg au Ebola una virusi vingi sana, na kuosha maiti ni njia kubwa ya maambukizi. Wakati huohuo kuosha maiti ni upendo wa mwisho na, kwa wengi, ni amri ya dini. Afrika Magharibi mwaka 2014 timu za mwanzo zilibeba miili kwenye mifuko na kwenda kuizika pasipo ndugu, watu wakaanza kuficha wafu wao. Novemba mwaka huo Shirika la Afya Duniani lilitoa utaratibu mpya wa maziko salama yenye heshima, uliotengenezwa pamoja na wanaanthropolojia na viongozi wa Kikristo na Kiislamu. Kwa Waislamu uliweka tayamamu badala ya kuosha kwa maji, na sanda. Kwa wote uliweka nafasi ya familia kuomba, kushuhudia, kuchagua kaburi.

Kwa hiyo kaa na sheikh au mchungaji kabla hajafa mtu. Muulize: mtu akifa hapa kesho na hatuwezi kumwosha, dini inaruhusu nini badala yake? Mwache aseme yeye mbele ya waumini wake. Wewe ongeza upande wa virusi tu. Na wale wanaovaa mavazi ya kujikinga wafike wakiwa na nguo zao za kawaida, wawape watu pole, waonyeshe nyuso zao, ndipo wavae mbele ya watu. Dakika kumi hizo zimezuia mawe mengi.

Hatua ya saba: uvumi

Usianze kwa kukanusha. Uliza uvumi umetoka kwenye jeraha gani. Kivu Kaskazini, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambako Ebola ilitangazwa Agosti 2018 na kudumu hadi Juni 2020, watafiti waliwahoji watu wazima 961 wa Beni na Butembo mwezi Septemba 2018. Mtu mmoja kati ya wanne hakuamini kuwa ugonjwa upo, na chini ya theluthi moja waliiamini serikali yao ya mtaa. Ukisoma hayo ukiwa mbali utasema ni ujinga. Lakini hawa ni watu ambao ndugu zao wameuawa na makundi ya silaha kwa miaka, wakalia bila kusikika, kisha wakaona magari mapya yamejaa mjini kwa ajili ya ugonjwa mmoja. Desemba mwaka huo uchaguzi wa rais ukaahirishwa kwao, Ebola ikitajwa kuwa mojawapo ya sababu. Kwa hesabu yao, ugonjwa ulikuwa umetengenezwa kuwanyima kura. Msomi aliyekuja na bango la "Ebola ipo" alikuwa anajibu swali ambalo si lao.

Kubali kwanza lililo kweli ndani ya uvumi: ndiyo, mmeachwa muda mrefu, ndiyo, gari lilimchukua mgonjwa bila kuwaambia, na tumekosea. Kisha toa ushahidi ambao mtu anaweza kuuona kwa macho: aliyepona asimame aseme, ndugu wawili wapelekwe kituoni wakaangalie wodi kupitia uzio. Kwenye makundi ya WhatsApp weka sauti fupi ya mtu anayejulikana hapo, si picha ya kurasa nne. Na redioni omba kipindi cha watu kupiga simu, maana hotuba haimjibu aliyeuliza.

Hatua ya nane: rudi

Bukoba mlipuko ulitangazwa kwisha tarehe 2 Juni 2023, Biharamulo tarehe 13 Machi 2025. Siku hiyo magari huondoka, na ndiyo siku waliopona huanza kuhangaika peke yao. Majirani hawanunui kwao, watoto wao wanakaa dawati la peke yao. Panga safari ya kurudi tangu mwanzo, na bajeti yake usiile. Eleza mbele ya watu kwamba aliyepona haambukizi kwa kusalimiana, kula pamoja au kufanya kazi pamoja. La faragha waeleze wanaume waliopona kwa faragha: virusi huweza kubaki kwenye mbegu za kiume miezi mingi, kwa hiyo watumie kondomu mwaka mzima au hadi vipimo viwili vioneshe hamna kitu.

Kama ulichukua damu au majibu ya dodoso, rudisha matokeo kijijini kabla ya kuyapeleka kwenye jarida, kwa karatasi moja ya Kiswahili, ibaki ofisi ya kijiji. Ambatisha nakala ya lile daftari la maswali, kila swali na jibu lake, na yale yasiyo na jibu yaandikwe hivyo.

Swali la blanketi liko ukurasa wa kwanza wa daftari langu. Jibu lake: usiliguse, usilifue kwa mkono, usilichome mwenyewe, ita timu, wataliteketeza kwa usalama. Na mstari unaofuata, ulioandikwa kwa wino mwingine kwa sababu ilinichukua siku nne na barua mbili kuupata: timu inapoteketeza blanketi, inaleta jingine siku hiyohiyo.